Kupanga Safari kwa Kuangalia Moshi: Historia ya Moto na Kambi katika Milima ya California

Utangulizi

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, watu wengi wa magharibi ya Marekani hujitwika shanta zenye hema, chakula na jiko dogo la gesi, wakaenda kulala milimani mbali na barabara. Zamani, waliopanga safari hizo walijiuliza hasa mambo matatu: theluji imeyeyuka kiasi gani, mito inavukika, na chakula kifichweje dubu asikifikie? Siku hizi kuna swali linalotangulia yote hayo. Moshi uko wapi leo, na kesho upepo utaupeleka wapi?

Insha hii inachunguza jinsi swali hilo lilivyopata nafasi ya kwanza. Nimechagua jimbo la California, hasa safu ya milima ya Sierra Nevada, kwa sababu mbili. Kwanza, kumbukumbu za moto katika jimbo hilo ni nyingi na zinaanza mbali. Pili, binamu yangu anaishi Sacramento, na kila kiangazi huwapeleka wanawe kupiga kambi milimani. Mdogo wao ana pumu. Kwa miaka kadhaa binamu amekuwa akinitumia, huku Kampala, picha za ramani zilizojaa rangi nyekundu na zambarau, akinieleza kwa nini safari imeahirishwa, imehamishwa au imefutwa. Kwake jambo lenyewe si starehe iliyoharibika. Ni mtoto kuweza kupumua akiwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka barabara iliyo karibu.

Hoja yangu ni hii: moshi unaowafukuza wapiga kambi leo haukuletwa na joto la dunia peke yake, ingawa joto hilo lina sehemu kubwa. Uliwekwa akiba, mwaka baada ya mwaka, na maamuzi ya watu walioamini kwamba msitu mzuri ni msitu usiofuka. Kwa hiyo, tukisoma historia vizuri, tutaona kwamba swali la California halijawahi kuwa kuchagua kati ya moshi na hewa safi. Ni kuchagua moshi upi, wakati gani, na kwa uamuzi wa nani.

Moshi wa zamani

Mnamo Oktoba 1542, Juan Rodríguez Cabrillo, nahodha aliyekuwa akiitumikia Hispania, alipita katika pwani ambayo leo ni kusini mwa California. Alipofika kwenye ghuba ya San Pedro, karibu na mahali uliposimama mji wa Los Angeles sasa, aliona moshi mwingi ukipaa kutoka nchi kavu. Akaiita Ghuba ya Moshi. Hakukuwa na kiwanda wala gari. Moshi ulitoka kwenye mioto ya wenyeji.

Jamii nyingi za asili za California zilitumia moto kama wakulima wetu wanavyotumia jembe. Wayurok na Wakaruk wa kaskazini, na Wamiwok wa pande za Yosemite, walichoma sehemu ndogo ndogo kwa zamu na kwa majira. Walichoma chini ya mialoni ili kuua wadudu na kurahisisha kuokota mbegu zake, ambazo zilikuwa chakula kikuu. Walichoma vichaka ili vichipue fito zilizonyooka za kusukia vikapu. Walichoma pia ili kupata malisho ya paa na kuacha njia wazi. Moto wa namna hiyo hutambaa chini, hula majani makavu na matawi yaliyoanguka, na huyaacha magogo makubwa yakiwa hai.

Moshi wenyewe nao ulikuwa na kazi. Katika bonde la mto Klamath, wenyeji wameshikilia kwa muda mrefu kwamba moshi wa kiangazi huwasaidia samaki aina ya samoni, ambao hudhoofika maji yakipata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima jambo hilo na kuona kwamba moshi unapotanda juu ya bonde huzuia sehemu ya mwanga wa jua, na joto la maji ya mto na vijito vyake hushuka.

Je, moshi huo wa kale ulikuwa mwingi kiasi gani? Mwaka 2007 watafiti, wakiongozwa na mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, walikadiria kwamba kabla ya mwaka 1800 ziliungua hekta zipatazo milioni 1.8 kila mwaka katika eneo la California, na kwamba anga la kiangazi na la vuli lilikuwa na moshi mara nyingi. Tulinganishe na mwaka 2020, ambao magazeti yaliuita mwaka wa moto mbaya kuliko yote katika kumbukumbu za jimbo hilo. Mwaka huo ziliungua hekta kama milioni 1.7. Kwa ukubwa wa eneo, basi, mwaka wa maafa ulikuwa karibu sawa na mwaka wa kawaida wa zamani.

Takwimu hizo zikisomwa haraka zinaweza kutupotosha. Mtu anaweza kusema, “Kumbe hakuna jipya.” Lipo. Moto wa zamani uligawanyika katika maelfu ya mioto midogo, iliyochoma kuni chache kwa kila hekta. Ule wa 2020 ulikusanya sehemu kubwa ya kazi yake katika wiki chache, ukachoma miti mizima kuanzia mizizi hadi kilele, pamoja na nyumba na kila kilichokuwamo. Maeneo yanakaribiana, lakini moshi haufanani.

Sheria, hofu na saa nne asubuhi

Mwaka 1850, California ilipokuwa inaingia katika Muungano wa Marekani, bunge lake lilipitisha sheria iliyodai kuwalinda wenyeji asilia. Kwa kweli iliruhusu wafanyishwe kazi kwa nguvu, na kifungu kimojawapo kilimwadhibu mtu yeyote anayewasha moto mbugani. Hapa sera ya moto haitengani na historia ya unyang'anyi. Kumkataza Mkaruk kuchoma kulikuwa kumkataza kulima, kusuka na kuvua. Wengi waliuawa au walihamishwa, na moto wao ukazimika pamoja nao.

Hatua ya pili ilitoka kwa wataalamu. Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka 1905 chini ya Gifford Pinchot, naye aliuona msitu kama ghala la mbao ambalo lazima lilindwe. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto katika majimbo ya Idaho na Montana. Kwa siku mbili ziliungua zaidi ya hekta milioni 1.2, na watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao wakiwa wazimamoto. Idara changa iliyopoteza watu wake namna ile haikuweza tena kuutazama moto kwa jicho la kawaida.

Hata hivyo ubishi ulikuwapo. Katika miaka ya 1910 na 1920, baadhi ya wenye mashamba ya miti na wafugaji wa California walitetea uchomaji mwepesi, wakisema moto mdogo wa mara kwa mara huzuia moto mkubwa. Wapinzani wao waliudhihaki utaratibu huo kwa kuuita “misitu ya Kipaiute”, kwa jina la kabila mojawapo la wenyeji, kana kwamba hilo lilitosha kuufanya uwe wa kijinga. Naona dhihaka hiyo ni ushahidi muhimu. Inaonyesha kwamba hoja ya moto mdogo ilijulikana, na kwamba ilikataliwa kwa sehemu kwa sababu ya watu iliyotoka kwao.

Mwaka 1935 Idara ya Misitu ilitoa kanuni iliyotawala kwa zaidi ya miaka 40: kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata tangu uonekane. Mwaka 1940 walianza kuruka kwa miavuli kutoka ndegeni ili kuwahi mioto ya mbali. Mwaka 1945 kikosi cha 555 cha askari wa miavuli, wote wakiwa Wamarekani weusi, kilipelekwa Oregon kuzima moto baada ya Japani kurusha maputo yenye mabomu kuvuka bahari. Mwaka mmoja kabla yake alizaliwa dubu wa matangazo, Smokey Bear, aliyewafundisha watoto wa nchi nzima kwamba moto wa msituni ni kosa la mtu mzembe.

Kazi ilifanyika vizuri mno. Majani makavu, matawi na miti michanga vililundikana katika misitu iliyozoea kusafishwa na moto kila baada ya miaka michache. Na hapa ndipo historia ya moto inapokutana na historia ya kambi. Klabu ya Sierra, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilianza safari zake kubwa za milimani mwaka 1901. Njia ya John Muir, yenye urefu wa kilomita 340 hivi kutoka bonde la Yosemite hadi mlima Whitney, ilikamilika mwaka 1938. Sheria ya Nyika ilipitishwa mwaka 1964, na mwaka 1968 Njia ya Kilele cha Pasifiki, inayotoka mpaka wa Meksiko hadi wa Kanada, ilitambuliwa na serikali kuu. Yaani, desturi ya kupiga kambi milimani ilikua na kukomaa katika miaka ileile ambayo moto ulikuwa ukizimwa kwa bidii kuliko wakati wowote. Vizazi vitatu vya wapiga kambi vilikuta anga la Agosti likiwa bluu, vikadhani ndivyo lilivyoumbwa. Mimi nadhani bluu ile ilikuwa ya mkopo.

Sera inageuka, dunia inapata joto

Wapo waliougundua mkopo huo mapema. Ripoti ya kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na Starker Leopold, mwaka 1963, iliieleza serikali kwamba misitu ya Sierra imesongamana kwa kukosa moto. Mwaka 1968 Idara ya Hifadhi za Taifa ilibadili sera yake, na katika hifadhi za Sequoia na Kings Canyon baadhi ya mioto ya radi iliachwa iwake huku ikisimamiwa. Mwaka 1978 Idara ya Misitu nayo iliachana na kanuni ya saa nne asubuhi.

Lakini kubadili maandishi ni rahisi kuliko kubadili mazoea. Mwaka 1988 mioto iliunguza zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ya Yellowstone, na wanasiasa wengi wakaituhumu sera mpya. Nyumba ziliendelea kujengwa ndani ya misitu, na kila nyumba mpya ilikuwa sababu mpya ya kuzima moto haraka.

Kisha joto likaongezeka. Theluji ya milimani ikaanza kuyeyuka mapema, na majira ya ukavu yakarefuka. Ukame uliobana California kuanzia mwaka 2012 uliua miti zaidi ya milioni 100. Wanasiasa wa Marekani hupenda kubishana kama chanzo ni hali ya hewa au usimamizi wa misitu, kana kwamba lazima kimojawapo kiwe na hatia peke yake. Mwanahistoria anaweza kupanga mambo hayo kwa tarehe: kuni zilikusanywa katika karne ya 20, na kiberiti kikawa rahisi kuwaka katika karne ya 21.

Moshi unapata namba

Ili mtu apange safari kwa kuangalia moshi, lazima moshi uweze kupimwa. Hilo nalo lina historia yake, na halikuanzia msituni. Utafiti wa miji sita ya Marekani uliochapishwa mwaka 1993 na watafiti wa Harvard ulionyesha kwamba wakazi wa miji yenye chembechembe nyingi hewani walikufa mapema zaidi. Mwaka 1997 serikali iliweka kiwango cha chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1999 kipimo cha ubora wa hewa kiliboreshwa kiwe cha namba na rangi: kijani hadi 50, njano hadi 100, rangi ya chungwa hadi 150, nyekundu hadi 200, zambarau hadi 300, na juu ya hapo damu ya mzee.

Vipimo hivyo vililenga viwanda na magari. Vilipoanza kutumika kwa moshi wa msituni, vilileta jambo la ajabu katika sheria. Moshi wa moto mkubwa uliowaka wenyewe unaweza kuondolewa katika hesabu za jimbo kama tukio lisilo la kawaida. Lakini anayetaka kuchoma msitu kwa mpango, katika siku yenye unyevu na upepo mzuri, lazima kwanza apate ruhusa ya mamlaka ya hewa ya eneo lake, na ruhusa hiyo hunyimwa hewa ikiwa tayari chafu. Moshi mdogo huomba kibali, na moshi mkubwa hupita bila kubisha hodi.

Septemba 2020

Ijumaa ya tarehe 4 Septemba 2020, katika mwanzo wa mapumziko ya Sikukuu ya Wafanyakazi, moto uliopewa jina la Creek uliwaka upande wa magharibi wa Sierra. Kesho yake ulienda kasi kiasi cha kuifunga barabara pekee ya kutoka kwenye bwawa la Mammoth Pool. Wapiga kambi walikimbilia ukingoni mwa maji. Usiku huo helikopta za Walinzi wa Taifa ziliokoa zaidi ya watu 200. Siku mbili baadaye marubani walijaribu kuwafikia wengine waliokwama juu zaidi, wakarudi mikono mitupu kwa sababu moshi uliwaziba macho. Walifanikiwa kesho yake. Kwa hiyo moshi haudhuru mapafu tu. Unafunga pia mlango wa uokoaji.

Tarehe 9 Septemba anga la San Francisco lilikuwa la rangi ya chungwa mchana kutwa, na taa za magari ziliwashwa adhuhuri. Jambo la kufundisha ni kwamba siku hiyo hewa ya chini haikuwa mbaya kama rangi ilivyodokeza, kwa kuwa ukungu baridi wa baharini uliuzuia moshi ukae juu. Hewa ya kupumua ilichafuka zaidi katika siku zilizofuata, wakati rangi ilikuwa imefifia na kuwa kijivu. Macho peke yake si kipimo. Wiki hiyohiyo misitu yote 18 ya taifa iliyomo California ilifungwa kwa umma, na tarehe 17 hifadhi ya Yosemite ilifungwa kwa sababu ya moshi. Mwishoni mwa Agosti 2021 misitu ya taifa ya jimbo hilo ilifungwa tena kwa wiki mbili.

Safari inavyopangwa sasa

Nilimwomba binamu anieleze hatua anazofuata. Nimeziweka hapa kwa sababu zinaonyesha historia niliyoieleza ikifanya kazi katika maisha ya familia moja.

Ugumu wa kwanza ni wa kalenda. Vibali vya kulala nyikani katika maeneo yanayopendwa huombwa miezi mingi kabla, lakini utabiri wa moshi unaoaminika hauvuki siku mbili hivi. Tangu Desemba 2020 idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa utabiri unaotumia joto la mioto lililoonwa na setilaiti, na huonyesha moshi utakavyosafiri hadi saa 48 mbele. “Kaka, kibali nimekipata Machi,” aliniandikia mwaka mmoja, “ila moshi haujui kusoma kibali.”

Kwa hiyo anapanga safari mbili kwa wakati mmoja. Moja iko Sierra, nyingine pwani ya kaskazini, ambako upepo wa bahari mara nyingi huleta hewa safi. Akiweza, anachagua mwanzo wa Julai badala ya mwisho wa Agosti, ingawa Julai ina mbu na theluji bado imekalia baadhi ya vipito vya juu. Njia anayoipendelea si ile nzuri kuliko zote, bali ile yenye sehemu nyingi za kutokea, ili familia isijikute mbali na barabara kwa siku mbili.

Jambo la tatu ni kikomo, nacho huwekwa nyumbani kabla mtu yeyote hajafunga shanta. Namba ikizidi 100 pale wanapokwenda, mtoto haendi. Ikizidi 150, hakuna anayekwenda. Anasema kikomo kikiwekwa baada ya kufika, hakiwekeki, kwa kuwa kila mtu tayari amechoka na safari, ametumia pesa, na anataka kuamini kwamba kutakucha kweupe.

Nne ni kuujua mwendo wa moshi kwa saa. Usiku hewa baridi hutuama bondeni kama maji, na moshi hutuama pamoja nayo. Ndiyo maana hema lililopigwa kando ya mto linaweza kuamkia katika moshi mzito wakati mgongo wa mlima uko wazi. Jua likipanda moshi hunyanyuka, na alasiri upepo unaopanda mabonde huweza kuupeleka vileleni. Hema halizuii moshi. Barakoa za N95 husaidia mtu mzima, lakini hazikutengenezwa kwa nyuso za watoto, na kupanda mlima nazo ni kazi.

Mwisho, milimani simu haina mtandao. Ramani ya rangi aliyoiangalia asubuhi ya kuondoka haisasishwi tena, na anabaki na macho. Hapo hutumia kanuni inayofundishwa na idara ya afya ya New Mexico: ukilipa jua kisogo na kutazama mlima ulio umbali wa kilomita 8, nao hauonekani, hewa hiyo tayari haifai kwa watoto, wazee na wenye maradhi ya mapafu. Kwa hiyo kabla ya safari huchagua kwenye ramani kilele kimoja kilicho umbali huo kutoka kila kambi. Naipenda hatua hii kwa sababu inamrudisha mtu kwenye ujuzi wa kale wa kuisoma anga, baada ya setilaiti na takwimu zote.

Tusisahau kwamba mwenye hema anaweza kufuta safari. Wachumaji wa zabibu na mboga katika bonde la kati la California hawafuti siku ya kazi kirahisi, na wakazi wa miji midogo ya milimani hawana pa kuahirisha nyumba zao. Mpango wa safari ni fursa ya mwenye nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana suluhisho haliwezi kuishia kwenye ramani nzuri zaidi za kuukwepa moshi.

Ushahidi wa moto mdogo, na wa kwetu

Mwaka 2021 moto mkubwa uliingia katika hifadhi ya Sequoia na kukaribia msitu wenye mti wa General Sherman, mkubwa kuliko yote duniani kwa ujazo. Wazimamoto waliufunga shina lake kwa karatasi ya alumini. Picha ile ilizunguka dunia, lakini kinga kubwa zaidi haikuonekana pichani: msitu huo ulikuwa umechomwa kwa mpango kwa miongo kadhaa, na moto ulipofika ulikuta kuni chache. Sehemu kubwa ya msitu huo ilinusurika, wakati mahali pengine pa Sierra pasipochomwa misekwoya mingi ya kale ilikufa. Mwaka huohuo California ilipitisha sheria ya kuwapunguzia mzigo wa fidia wanaochoma kwa mpango na kwa uangalifu, na sheria nyingine ikatambua uchomaji wa kimila wa wenyeji. Kutoka adhabu ya 1850 hadi hapo ni miaka 171.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuisoma habari hii. Karibu asilimia 70 ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, nyingi ikiwa nyika yenye majani. Katika hifadhi kama Serengeti, kuchoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ni njia ya kawaida ya kuzuia moto mkali wa mwisho wa kiangazi. Lakini misitu ya milimani ni jambo tofauti. Oktoba 2020 moto ulizuka Kilimanjaro katika eneo la Whona, kwenye njia ya wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo, na Oktoba 2022 mwingine ukazuka karibu na kambi ya Karanga. Tusichukue jibu la Sierra tukalipandikiza mlimani kwetu, kwa kuwa kila mmea una mazoea yake na moto. Tunachoweza kuchukua ni swali: kabla ya kupiga marufuku au kuruhusu, nani alichoma hapa zamani, alichoma lini, na kwa nini?

Tuna pia vipimo vyetu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umetawanya vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa Kampala na katika miji mingine ya Afrika. Vingi vimewekwa mijini, penye vumbi, magari na mkaa. Vifaa kama hivyo vikipelekwa kwenye malango ya hifadhi za milimani, wapagazi na waongozaji, ambao hukaa katika moshi muda mrefu kuliko mgeni yeyote, wangekuwa wa kwanza kufaidika.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kupanga safari ya milimani kwa kuangalia moshi ni desturi changa iliyotokana na mambo ya zamani: sheria ya 1850 iliyouzima moto wa wenyeji, hofu ya 1910, kanuni ya saa nne asubuhi ya 1935, kisha ukame na joto la miaka ya karibuni. Wapiga kambi wa karne iliyopita walifaidi anga safi ambalo gharama yake ilisogezwa mbele. Watoto kama mpwa wangu ndio wanaoilipa sasa, kwa mapafu.

Kutokana na hayo nafikia msimamo ambao baadhi ya wasomaji wenzangu huenda wasiupende. Familia inayotaka Agosti yenye hewa ya kupumulika inapaswa kukubali, na hata kudai, moshi kidogo wa Mei na wa Novemba, uliowashwa na watu wanaoujua msitu, katika siku iliyotangazwa mapema ili mwenye pumu akae ndani au aende kwingine. Binamu amekwisha kuanza. Masika iliyopita alipokea taarifa ya uchomaji wa mpango karibu na bonde wanalolipenda, akasogeza safari wiki moja mbele. Ulikuwa moshi wa kwanza kumpa taarifa kabla ya kufika.